Bi Ghaniya na Mvinyo Asiouonja

Bi Ghaniya binti Nadhir hajawahi kutia tone la mvinyo kinywani, na mpaka leo ukimuuliza atakuangalia kama umemuuliza iwapo anakula panya. Lakini kuanzia Nizwa mpaka Ibra hapakuwa na mtu aliyeujua mvinyo mwekundu wa Kidachi kuliko yeye. Alijua unapatana na nyama gani, unakasirishwa na kiungo gani, na unataka baridi kiasi gani. Aliujua kama mke anavyomjua mke mwenzake: kila tabia, kila udhaifu, na bila ya kupendana hata kidogo.

Alizaliwa Unguja, Kikwajuni. Aliingia Oman mwaka sabini na mbili na mumewe Khalaf, masanduku mawili na stovu ya mafuta ya taa. Khalaf alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja tu: kila biashara aliyoishika ilikufa. Duka la vitambaa lilikufa, mashine ya kusaga ilikufa, na mwaka sabini na saba akafa mwenyewe. Alimwachia mkewe nyumba ya kupanga Birkat al Mauz, ile stovu, na dada yake Kaltham, aliyekuwa ameachwa na mume wa pili kwa sababu ya ulimi.

Ghaniya hakukaa kulia zaidi ya siku zilizoamriwa. Eda ilipokwisha alikanda unga. Chini ya mlima, mwendo wa robo saa kwa gari, kampuni moja ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilikuwa imepiga kambi ikichimba visima vya kupima maji. Ghaniya na Kaltham wakawa wanadandia lori la alfajiri na kuwauzia madereva chapati na sambusa asubuhi, na kabla jua halijapanda wamekwisha rudi. Ilikuwa riziki, lakini riziki ya kusimama barabarani na beseni kichwani.

Mtu aliyeona haya juu ya beseni hilo alikuwa shemeji yake, Marhun, aliyekaa Ibra. Beseni lenyewe hakuwahi kulibeba, lakini haya alikuwa nazo tele. Mwaka wa themanini, Idi Kubwa ilipokaribia, alikuja akakaa ukumbini, akanywa kahawa ya Ghaniya, akala tende za Ghaniya, kisha akasema Ghaniya aibu gani anawatia.

"Njooni Ibra, wewe na Kaltham," alisema. "Mkae kitako mpumzike. Nyumba kubwa."

Nyumba ilikuwa kubwa kweli. Ilikuwa na watoto sita, mke mwenye maumivu ya mgongo yanayoanza kila akiona sufuria, na jiko lenye dirisha moja. Ghaniya hakuhitaji kuchorewa ramani ya mapumziko hayo.

"Na nikiwa na kazi ya maana?" aliuliza.

"Kazi ya maana ni ile yenye karatasi na mhuri. Ukiwa nayo kabla ya Idi, sitii neno, nakuapia. Huna, nakuja na pikapu kuchukua vyombo."

Alipoondoka, Kaltham akasema, "Wifi, huyu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Lakini mimi kwake siendi, labda mnifunge kamba."

Basi mambo yalikuwa hapo: karatasi yenye mhuri kabla ya Idi, au jiko la Ibra mpaka kufa.

Mkuu wa kambi alikuwa Mdachi mmoja mrefu jina lake Volkmar. Alikuwa amekaa Tanga miaka mitano, na Kiswahili chake kilikuwa na nguvu kuliko adabu. Asubuhi moja alinunua chapati tatu, akala moja pale pale, akashusha pumzi.

"Mama, hii chakula yako ndiyo inaniweka hai."

"Mimi si mama yako, una miaka kunizidi. Niite Bi Ghaniya. Kwani jikoni kwenu mnapikiwa nini?"

Volkmar akamwaga yote. Jiko la kambi lilishikwa na Mahrous, mfanyabiashara wa Sur, mtu wa tabasamu pana na mikebe mingi. Kila siku ni mchuzi wa pilipili; Jumatatu pilipili na kuku, Jumanne pilipili na mkebe. Mkataba wake ulikuwa unakwisha. Baada ya wiki tatu angekuja Mkubwa kutoka Ujerumani, naye ndiye angeamua nani ashike jiko kwa miaka mitatu. Sasa huyo Mkubwa, Bwana Anselm, baba yake na babu yake walikuwa wakulima wa zabibu. Popote aendapo hubeba kasha la mvinyo mwekundu wa kwao, na akikaa mezani hutaka jambo moja tu: chakula kinachokaa vizuri na mvinyo huo.

"Mara ya mwisho alikula kwa Mahrous," Volkmar akasema. "Akasema, huyu mtu ameua mvinyo yangu."

Ghaniya aliteremsha beseni.

"Kuna wengine wanaotaka jiko hilo?"

"Mahrous tu. Nani mwingine atataka?"

"Mimi. Mkubwa wako akija, siku moja apikiwe na mimi."

"Lakini wewe Mwislamu. Hujui mvinyo."

"Wewe unachimba maji, umewahi kuishi chini ya ardhi?"

Volkmar akacheka mpaka chapati ikampalia. Ghaniya alisubiri amalize, kisha akaweka masharti kabla hajafikiri kukataa. Chupa watazibeba wenyewe, watazifungua wenyewe, glasi wataosha wenyewe. Tone lisiingie sufuriani mwake, wala chupa isilale jikoni mwake. Yeye atapika kinachopatana nao, basi. Volkmar akakubali.

"Haya, sasa niambie," Ghaniya alisema. "Ukiunywa, ulimi unafanya nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Volkmar swali kama hilo. Alifumba macho pale juani kama mtu anayetafuta funguo.

"Kwanza, hakuna sukari. Hakuna kabisa. Sisi tunasema mvinyo mkavu. Kuna mwingine wa Kidachi mtamu, huo watu wote wanajua. Huu si huo."

"Mkali kama siki?"

"Hapana, hapana! Uchachu kidogo tu, mwanzoni. Halafu, baada ya kumeza, mdomo unakaza. Fizi zinakauka."

"Kama umetafuna ndizi mbichi."

"Kidogo kuliko hiyo. Na kuna harufu ya matunda, dogo, jeusi jeusi..."

"Kama zambarau?"

Volkmar akafumbua macho. Zambarau alizijua, uani kwake Tanga palikuwa na mzambarau uliomharibia mashati yote. "Zambarau!" akapiga kelele mpaka madereva wakageuka. "Bi Ghaniya, ni zambarau isiyokuwa na sukari!"

Ghaniya alirudi nyumbani. Zambarau Birkat al Mauz hazikuwepo, lakini ulimi wake ulizikumbuka vizuri, zile za kula mpaka kinywa kinakuwa kama kimepigwa pasi. Akanunua makomamanga ya Jabal Akhdar, akachagua yenye uchachu, akayakamua. Akachemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi, hakutia sukari wala maziwa, akaacha yapoe. Akachanganya, akaonja, akaongeza chai, akaonja tena. Jagi lilipokuwa tayari lilikuwa na rangi ya damu ya mzee na lilikaza fizi barabara.

Kaltham alionja, akakunja uso kama kitambaa cha kufutia meza. "Hiki ndicho wanachopandia ndege nacho kutoka Ulaya? Na sisi tumekatazwa? Wifi, tumekatazwa kitu gani hasa!"

"Kunywa, tufanye kazi."

Kwa wiki mbili nyumba ile ilikuwa maabara. Ghaniya alipika, wakala tonge moja, wakanywa funda moja, wakatazamana. Hapo ndipo alipojifunza alichojifunza, na hakuna aliyemfundisha.

Pilipili ilitupwa siku ya kwanza. Funda moja juu ya pilipili na kinywa kizima kikawaka, na tunda lote likapotea. Ghaniya akasema Mahrous hakuua mvinyo tu, aliuzika bila sanda. Mchuzi wa nazi nao ukaanguka. Utamu wa tui na ukakasi wa chai vilikutana vikakataa kusalimiana. Papa mkavu, chakula ambacho Kaltham alikiweka juu ya waume wote wawili, alitoa ladha ya kulamba msumari. Limau kavu lililofaa sana kwenye wali likafanya jagi liwe maji matupu. Karafuu tano ziligeuka duka la dawa. Karafuu moja ilipendeza.

Vilivyokubali vilikuwa vya watu watulivu. Vitunguu vilivyokaangwa taratibu mpaka vikawa kahawia. Adesi zilizopikwa na kitunguu saumu. Jodari mbichi wa Sur, aliyekuja na lori la barafu, akachomwa juu juu, akaachwa mwekundu ndani, chumvi na bizari nzima basi: samaki yule alikuwa na mwili kama nyama, hakutoa msumari hata mara moja. Lakini aliyeshinda wote alikuwa mbuzi. Mafuta yake yalifunika ulimi, funda la jagi likayakata, ulimi ukabaki safi unataka tonge jingine. Kaltham alikula matonge manane ya kuonja, na alipoulizwa akasema hana hakika bado.

"Basi ni shuwa," Ghaniya alisema.

"Shuwa? Idi bado! Watu watasema tumeingia wazimu."

"Watu walisema nini nilipobeba beseni?"

Shuwa huku ni nyama ya Idi. Hupakwa viungo, hufungwa majani ya mgomba, hutiwa katika kikapu cha makuti na kufukiwa shimoni juu ya makaa siku nzima na zaidi. Mtaa mzima hutumia shimo moja, kila nyumba na kikapu chake chenye alama. Ghaniya alichimba shimo lake mwenyewe nyuma ya nyumba, na majirani wakapanda juu ya paa kutazama nani amekufa. Viungo alivipunguza: saumu, bizari nzima, gilgilani, hiliki mbili, karafuu ile moja, chumvi. Pilipili hakuitaja hata jina.

Likabaki baridi. Volkmar alimwambia kwao mvinyo mwekundu unanywewa kwa joto la chumbani.

"Chumbani kwenu joto gani?"

"Digrii kumi na sita, kumi na saba."

"Hicho si chumba, hiyo ni friji. Chumbani kwangu leo thelathini na nane. Utamnywesha mkubwa wako supu."

Volkmar akapendekeza kuziteremsha chupa katika falaji, ule mfereji unaopita katikati ya mashamba, maji yake mazuri.

"Watu wanatawadha humo!" Ghaniya alimkata. "Tia chupa moja humo uone. Utakuwa umechimba kisima chako cha mwisho." Akampa magunia manne ya katani. Ayaloweshe, azifunge chupa, azitundike kivulini upepo unapopita, ayamwagie maji kila saa. "Na magunia usinirudishie."

Bwana Anselm alifika siku ya Jumatano. Alhamisi adhuhuri meza iliwekwa chini ya turubai la kambi, Wadachi kumi na wawili wamenyoa ndevu. Mahrous naye alikuwepo, kanzu nyeupe pe, amekaa kama mgeni wa heshima. Ghaniya na Kaltham walikuwa katika hema la jiko, pembeni, na pazia lililowaruhusu kuona bila kuonwa sana. Kikapu kilikuwa kimefukuliwa alfajiri. Nyama ilikuwa inaachia mfupa kwa kutazamwa tu.

Sasa, Ghaniya alikuwa amefikiri kila kitu ila kile asichowahi kukifikiri maishani mwake. Mgeni akifika nyumba ya watu, kwanza anapewa haluwa na kahawa. Hilo halina mpango wala shauri. Lipo kama salamu zilivyopo. Na haluwa ile ilikuwa ya Nizwa, ya zafarani na lozi, alikwenda kuisimamia mwenyewe ikikorogwa. Ikatangulizwa mezani sahani nzima. Bwana Anselm, mtu mnene mwenye mashavu ya furaha, akaonja kijiko, akashangaa, akala vinne.

Kisha akafungua chupa. Akamimina, akainusa glasi kwa upendo, akanywa.

Uso ule ulianguka kama turubai lililokatwa kamba. Akanywa tena, akaiweka glasi, akasema kitu kwa Kidachi, polepole, kama anayetangaza msiba. Wadachi wote wakaonja, wote wakainamisha vichwa, maana wote walikwisha kula haluwa.

Volkmar alikuja mbio jikoni, uso umempauka. "Anasema mvinyo imeharibika njiani. Imekuwa siki. Anasema hawezi kula sasa, amekasirika sana."

Kule mezani Mahrous alikuwa ametoa tasbihi. "Nilisema mimi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kazi hii si ya kinamama."

"Magunia!" Kaltham akanong'ona. "Wameyalowesha mno, maji yameingia chupani!"

"Kizibo kimefanya nini humo, kimekaa pambo?" Ghaniya alisema. Aliiona pikapu ya Marhun waziwazi, na godoro lake limefungwa kamba juu yake. Akageukia meza. Jagi la chai na komamanga lilikuwepo, alilileta kupimia chumvi ya mwisho. Akalinywa funda, lilikuwa sawasawa. Basi jikoni mwake hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kule. Na kule kuna nini ambacho huku hakuna?

Macho yake yakaangukia sufuria ya haluwa iliyobaki. Akachota kidole kizima, akala, akanywa jagi juu yake.

Ilikuwa siki. Ilikuwa maji ya betri. Zambarau yote imekimbia, umebaki uchachu mtupu na ukakasi wa kukausha roho.

"Ya Rabi," alisema Ghaniya. "Nimewaroga kwa ukarimu."

Alijitanda kanga vizuri, akatoka nje ya pazia, akaenda mpaka mezani na sinia la mikate na bakuli la shuwa. Akasimama mbele ya Bwana Anselm.

"Bwana Volkmar, mfasirie, na usitie maneno yako. Mvinyo wake mzima. Kinywa chake ndicho kimeharibika, na nimekiharibu mimi kwa haluwa yangu. Utamu umekaa juu ya ulimi, kila kisicho na sukari atakiona kichungu. Asukutue kwa maji mara mbili. Ale mkate mtupu. Ale nyama hii, na mafuta yake, asiyatupe. Kisha ndiyo anywe."

Volkmar alifasiri. Bwana Anselm alimtazama mwanamke huyu, akaitazama glasi, akasukutua kama mtoto anayelazimishwa. Akatafuna mkate. Akala nyama, pande la kwanza bila hamu, la pili kwa hamu, akasahau kidogo kwamba ana hasira. Akanywa.

Akala tena, akanywa tena, akafunga macho. Mashavu yakarudi mahali pake.

"Mahrous," alisema Ghaniya bila kugeuka, "tasbihi yako imefika wapi?"

Walikula mpaka majani ya mgomba yakabaki peke yake. Jodari alisifiwa, adesi zikaombwa mara ya pili. Mwisho Bwana Anselm akauliza kwa kinywa cha Volkmar: huyu bibi amejuaje, na hajaonja? Au ameonja?

"Sijaonja na sitaonja. Mwambie nimeuliza vizuri. Sasa tuzungumze jiko."

Volkmar alisema Mkubwa amekwisha kubali, mkataba utaandikwa wiki ijayo Maskati. Ghaniya akatikisa kichwa. Kambi ina mashine ya chapa na mhuri, ameiona kwa macho yake. Uandikwe leo. Miaka mitatu. Jina liwe Ghaniya binti Nadhir, asiandikwe shemeji wala mlezi. Kaltham awe msaidizi mwenye mshahara wake, na wapewe nyumba yao pembeni mwa kambi.

"Na haluwa," Bwana Anselm akaomba, "tafadhali, isije tena mezani."

"Itakuja," alisema Ghaniya. "Haiwezekani ule kwangu usile haluwa, nitasemwa. Lakini itakuja mwisho, na kahawa chungu, glasi zenu zikiwa zimekwisha ondoka."

Mkubwa alifikiri, akapeana mkono na hewa, maana Ghaniya mkono hakutoa.

Mahrous alikuwa anajikung'uta kanzu aondoke. Ghaniya akamwita. Lori la barafu la Sur lilikuwa lake, na mbuzi wazuri wa Bidiya alikuwa anawajua yeye.

"Samaki na nyama utaniletea wewe," alimwambia. "Jikoni mguu usitie. Na mkebe mmoja tu nikiuona, nitakurudishia kichwani."

Mahrous alitabasamu lile tabasamu pana. "Ya Ghaniya, ungekuwa mwanamume ningekuchukia."

"Chukia tu, lakini jodari aje mbichi."

Siku nne kabla ya Idi, Marhun alifika na pikapu. Alikuta vyombo vimefungwa mlangoni: magodoro mawili, masanduku, sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Alifurahi. Hakutarajia utiifu wa haraka namna ile, na kwa furaha hiyo alipakia mwenyewe, kanzu ameikunja, jasho linamtoka, huku Kaltham akimhesabia vitu na kumwambia asivunje.

Wakapanda. Walipofika barabara kuu Marhun alisimama, akawasha taa ya kushoto, upande wa Ibra.

"Kulia, shemeji," alisema Ghaniya.

"Kulia kuna nini? Kulia kuna kambi ya Wadachi."

Ghaniya alitoa karatasi kifuani, akaikunjua juu ya dashibodi, mhuri juu. Marhun aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Alifika penye jina, akarudi mwanzo.

"Wanakunywa hawa," alisema mwisho.

"Wanakunywa wao, napika mimi. Wewe uliniapia."

Kaltham, nyuma juu ya magodoro, aligonga bati la pikapu kwa kiganja. "Kaka, jua kali huku! Unakata kulia au tushuke tusukume?"

Marhun akawasha taa ya kulia, akakata.